Mstari Ulionyooka Kwenye Chumba cha Chanjo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaharibu kazi na undugu kwa mpigo mmoja, mimi ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha baridi cha chanjo za watoto, na bosi amenipa kazi ya kuchagua kifaa cha kupima na kurekodi joto la humo, sasa vilivyo mezani ni viwili, kimoja ni boksi la kampuni, limefungwa, huruhusiwi hata kuligusa skrubu, na cha pili ameunda shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, kwa vifaa ambavyo michoro yake iko wazi kwa kila mtu na programu huria ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha, nami nilikipenda, nikakisifia ofisi nzima hata wenzangu wakanitania kwamba nimeposwa na nyaya.

Basi tukakifunga cha shemeji kwa majaribio, na juzi mafundi wakakata umeme wa chumba hicho asubuhi yote, nilipoingia kuta zilikuwa zinatoka jasho, lakini kwenye kompyuta ya ofisini mstari wa joto umenyooka kama rula. Nikaifungua ile programu, nikaisoma polepole, nikaona kumbe sensa, kile kidude cha kupimia joto, ikizimika, programu inarudia tu kipimo cha mwisho kilichokuwa kizuri. Nikampigia. Akasema, "Shemeji, wakubwa hawapendi mchoro wenye mapengo. Nimeyaziba tu, usije ukaulizwa maswali."

Kikao cha kuchagua ni mwisho wa mwezi. Nikisema, shemeji anaikosa kazi na watu watasema vitu huria ni vya kubahatisha. Mdogo wangu, ambaye amejifungua majuzi tu, kaniambia, "Dada, ukimwangusha mume wangu, usikanyage kwangu." Nikinyamaza, nitakuwa nafungua chumba kile kila siku nikijua mchoro unadanganya. Nichague kipi?

Mwenye Ufunguo

Mwenye Ufunguo,

Nimezoea kuletewa habari za mawifi na wakwe, leo nimeletewa nyaya. Haya. Pole kwanza, maana kukaa kati ya damu yako na kazi yako si mchezo. Sasa nikugombeze.

Shemeji yako hakuponzwa na programu huria, ameponzwa na kutaka kupendeza. Na wewe kosa lake umelionaje? Umeliona kwa sababu mlango wa programu uko wazi ukaingia. Lile boksi la kampuni sensa yake ikizimika linaandika nini? Hujui, na wauzaji wakikwambia usijali utabaki kuwatazama usoni. Kwa hiyo usilikimbilie boksi kwa aibu, wala usimbebe shemeji kwa ajili ya ndoa ya mdogo wako. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwambie aondoe huo uzibaji. Pengo libaki pengo, na kengele ilie. Sensa nayo iwe na betri yake. Kisha asikijaribu yeye, kijaribiwe na mtu asiyemjua. Kikaoni viwekwe vyote viwili, sensa zichomolewe watu wakiona, na kampuni nayo ichomoe yake. Kile kitakachokubali kusema hakijui joto ni kiasi gani, hicho ndicho cha kuaminiwa. Kikiwa cha shemeji, utamtetea bila kuinamisha kichwa.

Lakini kuna jambo umelipita mbio, na ndilo linalonitia hofu kuliko kikao chenu. Chanjo zilizokuwamo siku kuta zinatoka jasho ziko wapi? Barua nzima sijaona neno kwamba umezitenga. Nimekupigia kwenye namba uliyoacha, hupokei, ndiyo maana nakuandikia hadharani. Weka gazeti chini. Zitenge humo humo kwenye baridi, bandika karatasi kwamba zisitumike, mwambie bosi kabla hata ya shemeji, na wenye utaalamu wa chanjo ndio waamue kama bado zinafaa. Usizimwage wala usizitoe.

Mdogo wako atanuna, mwache anune. Ana mtoto mchanga, na siku si nyingi atambeba kumpeleka kuchanjwa. Dawa atakayochomwa mtoto huyo itatoka kwenye chumba ambacho ufunguo wake unao wewe.