Achana na Tisini

Nyumbani kwenu,
Nyuma ya karakana ya mjomba,
Jumapili, baada ya chakula.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Mgongo nao haujambo? Unakula? Usinijibu kwamba unakula vizuri kama unavyomjibu mama yako. Niambie jana ulikula nini. Sisi huku wazima. Babu yako, mume wetu, naye mzima, anakohoa tu anapotaka kuletewa chai.

Mama yako alinionyesha ulichomwandikia: kwamba unataka kuondoa jina lako kabla ya majaribio ya timu ya kunyanyua vyuma, kwa sababu kilo tisini hazipandi. Nilikisoma mwenyewe. Shule sikuingia, unajua, lakini herufi nilizikwapua moja moja mama yako alipokuwa mdogo akisoma kwa sauti, na hizo zilinitosha kukasirika.

Nikajiuliza, hiyo tisini ilitoka wapi? Ilitoka mezani kwangu, siku tuliyokuaga. Mjomba wako, mdomo umejaa chakula, akasema, "Huyu atanyanyua nini, labda mto wa kulalia." Ukamtazama, ukasema, "Tisini, mjomba." Kesho yake akaiandika kwa rangi nyeupe kwenye geti la karakana, awaonyeshe wateja wake. Hakuna aliyekupima, hakuna aliyekuuliza jana yake ulinyanyua ngapi. Ulikuwa unamfunga mdomo mjomba wako, na ulimfunga vizuri. Ingeishia pale.

Mimi sipendi kusemea jambo nisilolijua. Alhamisi nilivaa raba za babu yako nikapanda kwenye jimu iliyo juu ya duka la magodoro. Kocha wa pale ni binti mwenye shingo nene na adabu nyingi. Akaniuliza, "Bibi, umepotea?"

Nikamwambia, "Nataka kuona hiyo pawa klini, huko kunyanyua chuma hadi mabegani kunakomliza mjukuu wangu."

Akanipa mpini wa fagio. Nikauvuta kwa mikono, akaguna. "Miguu, bibi. Sukuma sakafu kwanza, mikono itafuata." Tukarudia, tukarudia, mpaka mpini ukapanda kwa mkupuo mmoja ukatua mabegani, viwiko mbele. Usicheke. Hata wewe ulianza hivyo.

Ndipo nikamweleza habari zako. Akauliza, "Sabini anaiweza?" Nikasema anaiweza, tena ilikuwa ikitua bila kuyumba. "Na timu yao inataka ngapi?" Sabini na tano, nikamwambia, maana ulinieleza mwenyewe ulipofika huko. Binti wa watu akanikodolea macho. "Bibi, huyo amebakiza kilo tano. Analilia nini?"

Nikamwambia unalilia tisini ya mjomba wako.

Akasema ukiikimbilia tisini kila siku, mwili unazoea kukosea. Mgongo unapinda, chuma kinakuponyoka, mwisho hata sabini unaiogopa. Uongeze kidogo kidogo, na uhesabu kile tu kilichotua safi.

Kutoka pale nikapitia karakana. Mjomba wako alikuwa anachomelea mlango. Nikamwambia afute ile namba. "Mama, si utani tu?" Nikamwambia utani wake umemfikisha mtoto pabaya, achukue brashi. Akapaka rangi huku amenuna, nami nimesimama nyuma yake mpaka namba ikapotea. Halafu akauliza, bila kugeuka, "Kwani mgongo unamuuma sana?" Anakupenda, mwanangu, ni vile mdomo wake hauna breki.

Kwa hiyo tisini haipo tena, nimeifuta mbele ya aliyeiandika. Siku ukiitaka, utaitafuta mwenyewe na kwa wakati wako. Sasa hivi yako ni sabini na tano. Jina lako liache palepale lilipo. Ukijaribu sabini na tano ikakukatalia, rudi nyumbani, nitakupikia na sitauliza neno. Lakini ukijiondoa kwa sababu ya maneno ya mezani, nitakufungia mlango. Nitaufungua, najua, ila nitakuwa nimekasirika.

Mama yako anakusalimu, ameanza kulala vizuri tangu nimwambie ninakuandikia. Mjomba wako anakuomba radhi, ingawa aliliambia geti. Babu yako anasema mke wake mdogo autunze mgongo, maana huyu mkubwa hategemeki tena. Nimemnyima chai.

Mungu akupe magoti imara na moyo mwepesi, na akuondolee aibu isiyo yako.

Kesho ukiingia mazoezini, weka sabini. Ikitua safi, iteremshe, nenda ukale. Usiongeze kitu siku hiyo, hata wakikutazama.

Akupendaye bila kupunguza,
Bibi yako