Siku Niliyomjibu Baba Mkwe

Jumanne, Iringa. Ukungu haujaondoka bondeni na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Naandika kwa kimoja tu. Jana daktari alisema moyo wangu umechoka. Hilo halinishangazi. Kinachonishangaza ni kwamba umefika hapa.

Nilizaliwa na tundu moyoni. Nililijua nikiwa mwalimu kijana Mbeya, miaka ya hamsini, mimba ikiwa kubwa na midomo ikigeuka zambarau. Daktari alisema nipasuliwe mtoto atolewe, lakini nisilazwe usingizi, maana dawa ile ingeweza kuuzima moyo. Nichomwe sindano za ganzi tumboni, niegemee mito, macho wazi.

Na mtu mmoja akae kichwani pangu, ashike mshipa wa mkono, asikilize ninavyosema. Sauti ikififia, ajue moyo unazama.

Aliyeiweza kazi hiyo pale hospitali alikuwa dresa mmoja tu, mhudumu wa kufunga vidonda. Baba mkwe wangu.

Kwetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, hakai chumba alimo. Nilikuwa na cheti cha ualimu, na bado niliuogopa mwiko huo kuliko kisu.

Akasimama nyuma yangu, kitambaa kati ya vidole vyake na mkono wangu. Alimwuliza mkunga, mkunga akaniuliza mimi, nami nikamjibu mkunga.

"Leo mmenigeuza simu ya posta," mkunga akanung'unika. "Haya, mkweo anauliza kama unaona giza."

Nilitaka kucheka, pumzi ikakataa. Taa ikaanza kwenda mbali. Mkunga alikuwa ameshainama kumpokea mtoto. Hapakuwa na wa kupeleka maneno.

Ndipo nikaisikia sauti ambayo haikuwahi kuelekezwa kwangu.

"Mwanangu, nijibu."

"Nipo, baba."

Akaniita tena, nikaitika tena, hivyo hivyo, mpaka mtoto akalia.

Baada ya hapo hatukusemezana hadi anafariki. Nikimwona njiani niliingia migombani, naye aligeuza uso. Mkunga hakumwambia mtu.

Binti yangu huwasimulia wageni kwamba babu yake hakuwahi kunisemesha, ndiyo heshima ya zamani. Nimekuwa nikinyamaza. Yule mzee aliyeshika mila kuliko wote aliiachia kwa ajili ya pumzi yangu, kisha akairudia kama aliyeokota fimbo yake.

Nikiwaza hilo, naona haya.

Mchana binti atakuja. Nitamwambia kwamba alipoingia duniani, alitukuta mimi na babu yake tunazungumza.