Redio Inayopumzishwa kwa Ajili ya Wageni

Mpendwa mshauri, kwa heshima naomba unisaidie mawazo, maana yangu yamekwisha. Mimi ni mjane, nafanya kazi katika baraza la mji mmoja huku Makueni, na kazi yangu ni kukaa chumba cha redio ya dharura, ile ya kuongea na dereva wa ambulansi na watu wa zimamoto wakiwa njiani, na redio yenyewe imezeeka, ikiwashwa asubuhi inaongea lakini jua likipanda inapata joto kupita kiasi na sauti inapotea, unabaki kusikia mvumo tu mpaka uizime ipoe.

Sasa shida yangu si redio, ni wageni. Wakaguzi kutoka mkoani wanapokuja kuangalia ni mji gani upewe redio mpya, mkubwa wangu Mzee Kiema ananiambia niizime tangu siku iliyotangulia ipumzike, niipanguse vumbi, niifunike kitambaa cha kufuma, kisha wageni wakifika asubuhi naiwasha ikiwa baridi na inaongea vizuri kabisa, nao wanakunywa chai, wanasema, "Hii yenu bado iko na nguvu," na redio mpya zinapelekwa kwingine, na mambo haya yametokea mara mbili, na nikimwambia Mzee ananijibu, "Mbinya, wewe unaweza onyesha mgeni aibu ya nyumba? Hata kwako unaweza?" na kweli, mshauri, hata kwangu siwezi, mgeni akija natoa vile vikombe vya kabatini.

Mara ya mwisho redio ikiwa imepumzishwa hivyo, ambulansi ilikwama kwenye mchanga wa mto mkavu ikimleta mama aliyeshikwa na uchungu, jina lake Mutindi, na dereva wetu Kiilu akaita na kuita na hakuna aliyemjibu, mimi nilikuwa hapo nje nafua mapazia ya ofisi kwa ajili ya wageni, ikabidi akimbie kwa miguu mpaka barabara kuu asimamishe lori, na Mungu akasaidia, mama na mtoto wakapona, lakini Kiilu aliporudi hakunigombeza, alisema tu, "Mama, nilidhani mmekufa wote huku," na tangu siku hiyo redio ya gari haigusi.

Wageni wanakuja tena mwezi ujao na Mzee amekwisha kusema niizime. Yeye ndiye aliyeniombea kazi hii mume wangu alipofariki, tena ni mzee wa kanisa letu, nikimwaibisha nitakaa wapi Jumapili, na nisipomwaibisha Kiilu atamwita nani? Nimechoka, mshauri.

Mbinya (majina yote nimebadilisha), Makueni

*

Dada Mbinya, pole. Wewe si mvivu wala si mbaya, umechoka, na barua yako imenichosha na mimi. Pole nimeitoa, sasa nikugombeze.

Vikombe vya kabatini ni vyako, na usipovitoa hakuna anayekufa. Redio ni ya akina Mutindi. Mkaguzi anakuja kutafuta kilichoharibika, nyinyi mnamfichia, halafu mnanung'unika kwamba hakukiona. Ukienda kwa daktari na homa, unaificha ili asikudharau?

Mzee Kiema naye simchukii. Ana haya, na haya zake zimeingia mahali zisipotakiwa. Usimvizie mbele ya watu. Nenda nyumbani kwake wiki hii, mkewe akiwepo, na umchukue Kiilu. Mshukuru Mzee kwa kazi, toka moyoni. Kisha Kiilu amweleze kwa mdomo wake habari za mto ule. Akimaliza, mwambie hutaizima tena. Mwambie tu, ruhusa usiombe. Huenda akanuna. Huenda hata kazi ikaingia hatarini, sitakudanganya. Lakini mshahara huo unalipwa ujibu watu wanapoita, na Jumapili utakaa kwenye benchi lako kama kawaida. Anayeona vibaya ahame yeye.

Siku ya wageni usiharibu chochote na usiseme uongo. Iwashe alfajiri kama siku zote, kile kitambaa ukirudishe nyumbani. Huko kwenu mgeni haondoki bila kula, basi kuku na achelewe kuiva. Wape chai, wape na maji ya kunawa, wazungumze habari za mvua mpaka jua lisimame.

Halafu Kiilu atoke na gari mpaka kule mtoni. Mpe mkaguzi kiti chako, umwombe amwite yeye mwenyewe. Asipojibiwa, nyamaza. Usigongegonge mashine, usimsaidie. Mwache aite tena, na tena, mpaka ageuke akuulize dereva amepatwa na nini, nawe umjibu kwamba hujui, kwa sababu kweli hutajua.