Jino la Kumi na Tisa

Koboko, tarehe 6 Desemba

Mpendwa Dada Elena,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na baada ya salamu naulizia mguu. Mjukuu wako Harriet aliniambia uvimbe umeshuka na sasa unafika kisimani bila fimbo. Nikamjibu, huyo ndiye dada yangu, fimbo ilikuwa inamwonea tu. Shemeji Tongun je, bado anakohoa asubuhi? Sisi huku tuko. Mwili hauniumi, mihogo imetoka mikubwa, kuku wawili wamekufa, lakini hao walikuwa wazee na tulikuwa tunawatazama tu.

Barua hii anakuletea Santino, dereva wa lori la sabuni anayekuja huko Yei. Nimemwambia akupe mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine. Vaa miwani, uisome peke yako, Harriet asikusomee. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara nne, Dada. Kila mara ulianza wewe kuongea, ukiwa na furaha, na mimi nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Kwa hiyo naandika, tena kwa Kiswahili cha Baba, kile cha kambini, maana ndicho alichotufundisha kuandika. Kikakwa changu kwenye karatasi kinapinda.

Kwanza nikupe habari za mtoto wetu Stella Kiden, na usiseme najisifu. Watu wengine ndio wanamsifu, mimi narudia tu. Pale Mvara, Arua, chumba chake cha kazi hakina nafasi ya kuweka mguu. Wanamletea redio, spika za kanisa, magitaa, mpaka mashine ya kupima presha. Watu wa redio ya Arua walikuja kumhoji, na alipoulizwa nani alimfundisha alisema ni marehemu baba yake Saturnino na redio yake ya aina ya Mkulima. Mimi hakunitaja, lakini chai aliyokunywa yule mtangazaji niliipika mimi. Mwanamke hapa jirani aliniambia binti wa miaka ishirini na minane anayeshinda na nyaya hataolewa. Nikamwambia wako aliyeolewa anakuja kwa wangu kutengenezewa simu.

Kile kinanda unakijua, lakini nikueleze vizuri, maana kwenye simu nilikueleza kwa haraka. Padri alikileta misheni mwaka wa sabini na nane. Ukikiona utasema ni kabati lenye meno. Kina meno thelathini na tano, meupe na meusi, na chini ya kila jino imefungwa tepu moja, ndefu kama mtu aliyesimama. Ukibonyeza jino, tepu yake inavutwa na kutoa sauti. Ukiachilia, springi inairudisha. Sauti hiyo si ya chuma wala ya umeme, ni ya mtu. Padri aliwasimamisha wanakwaya mmoja mmoja mbele ya mashine, kila mmoja akashika noti yake kwa sekunde nane bila kupumua, akawekwa chini ya jino lake. Watu thelathini na tano. Mwalimu wao wa kwaya, mzee Kasimiro, aliandika majina kwenye daftari, na jina la Mama, Mariam Poni, liko mbele ya namba kumi na tisa.

Vita vilipokuja mwaka uliofuata, padri aliondoka, na Kasimiro akakificha kinanda nyumbani kwake, juu yake akapanga magunia ya mihogo. Miaka yote hiyo watu walikalia kwaya bila kujua. Stella alimbembeleza yule mzee miaka miwili. Kasimiro alikataa, alisema yeye si mtu wa kuuza watu. Mwisho alilegea kwa solar na godoro, na kwa ahadi kwamba siku moja kitaimba kanisani na majina yote yatasomwa, kabla macho yake hayajafumba kabisa. Alimwambia Stella kwamba mashine hiyo inakula mtu kidogo: unaiimbia mara moja, inakaa na wewe. Tulicheka sana siku hiyo.

Kilibebwa na wanaume sita mpaka kwangu, mwezi wa nane, kikae hapa mpaka Stella apate gari la kukipeleka Arua. Yeye alitangulia na mota na vichwa vya kusomea tepu akavisafishe kwa spiriti. Mkanda wa mota ulikuwa umekatika kama majani makavu, akapata wa cherehani, akaukata ukaenea sawasawa. Nani mwingine angefikiria cherehani? Kabla ya kwenda alinionyesha mahali tepu zilipo, akasema, Mama, hizi usiguse, nyingine zote nitatengeneza, hizi siwezi. Nikasema nimelea watoto watano, kabati halitanishinda.

Nilipokupigia siku ile kukuambia sauti ya Mama imepatikana, ulinitaka nirudie mara mbili. Kisha ukaniuliza kama nakumbuka sufuria. Nakumbuka, Dada. Nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka ulinibeba mgongoni kwenye njia ya Congo, na wewe ulikuwa na kumi na minane tu. Mama alishikwa na homa, akaanguka, na asubuhi ulichimba kaburi kwa sufuria kwa sababu hatukuwa na jembe, na jioni tukapikia sufuria ileile. Nakumbuka pia tuliporudi kutafuta mahali, barabara imepanuliwa, hakuna mti tunaoujua. Uso wake ninao kidogo. Sauti yake sina. Nimeitafuta kichwani miaka arobaini na zaidi, haiko. Hili sijawahi kukuambia, kwa sababu wewe ukianza kusema Mama alikuwa akiimba hivi na hivi, mimi huitikia kama mtu anayejua.

Sasa nisome polepole hapa.

Mwezi wa tisa panya waliingia kwenye kinanda. Nilisikia wanatafuna. Mimi, kwa akili zangu, nikafungua nyuma, nikazitoa tepu zote wasizile, nikaziviringisha na kuzitia kwenye gunia safi, nikalitundika juu. Nilijiona fundi. Nikamwambia hata Swadiki, jirani yangu wa shamba la mtama, kwamba ufundi wa Stella haukuanguka kutoka mbinguni, una mahali ulipotoka.

Mwezi wa kumi ndege wakashuka kwenye mtama. Unajua wanavyokuja, kama mtu amekung'uta shuka nyeusi. Swadiki alikuwa amezungushia shamba lake tepu za kaseti, upepo ukipita zinalia wuuu, na ndege wanahamia kwangu. Alisimama mpakani akaniambia, Mama Stella, wewe unalisha ndege wa serikali tatu, wa Congo, wa Sudan na wa Uganda, hakuna hata mmoja unayemwomba kitambulisho. Watoto wake wakacheka. Maneno hayo yalinichoma. Nikaingia ndani nikashusha gunia. Nilisema nitachukua chache, zile zilizoliwa pembeni, na Stella atanunua nyingine, maana vitu vya Stella vyote hununuliwa Kampala. Zilikuwa pana kuliko za Swadiki. Nikafurahi kwamba ni pana. Nikachukua kumi, nikaziunga kwa mafundo, nikazisokota kidogo zipige kelele vizuri, nikafunga kutoka nguzo mpaka nguzo. Dada, zililia kuliko zake zote. Alikuja mwenyewe kuuliza nimezipata wapi. Sikumwambia. Nilimjibu kwamba kila mtu ana zake.

Zilikaa wiki tatu, juani na mvuani. Hakuna ndege aliyetua.

Stella alikuja na gari asubuhi ya Jumamosi. Aliziona kutoka barabarani. Mtoto huyu hajawahi kuingia kwangu bila kupiga magoti kunisalimu, hata akiwa na haraka. Siku hiyo alinipita, akaenda moja kwa moja shambani, akaanza kufungua mafundo kwa kucha, moja moja, huku amebana midomo. Nilimfuata nyuma nikieleza habari za panya. Alipomaliza alikaa chini na daftari la Kasimiro akasoma namba zilizoandikwa kwenye ncha za tepu, na kila namba akatamka jina la mtu. Ya kumi na tisa ilikuwa ile niliyoifunga kwenye nguzo ya mwisho, karibu na jiwe ninapokaa kupembua maharage. Akatamka jina la Mama, akanitazama, kisha akatazama chini haraka, kama mtu aliyekukuta uchi.

Alizipeleka Mvara, akazinyoosha, akazijaribu. Nilikuwepo. Ule unga wa kahawia unaoshika sauti ulikuwa umebaki juani na kwenye mafundo yangu. Tepu ya Mama alinipitishia mara tatu. Inatoa mlio kama mafuta yakikaangwa, basi. Stella hakunipigia kelele. Alisema, Mama, hakuna neno, tutaweka wengine. Ningependa angepiga kelele.

Akatafuta tepu nyingine kuukuu, akawaita wanawake na wanaume wa kwaya ya Mvara wajaze yale meno kumi. Walikuja tisa. Norah, aliyekuwa wa kumi, mtoto wake aliumwa. Stella akaniambia nisimame mimi mbele ya mashine. Nikakataa, nikamkumbusha kwamba wewe tangu utoto uliniambia sauti yangu ni ya mbuzi aliyefungwa kwenye jua. Akasema sekunde nane tu. Nikaimba. Jina langu aliliandika kwa kalamu mpya kwenye daftari, mbele ya kumi na tisa: Santa, binti wa Mariam Poni. Yeye hakudanganya mtu. Kila kitu kimeandikwa pale.

Mimi ndiye nilidanganya. Ulipiga simu jioni ya siku ileile, kinanda kikiwa kimeunganishwa na kinafanya kazi, ukaniuliza kama tumefika kwenye jino la Mama. Nilikuwa nimefungua mdomo kukuambia. Ukasema usiku wa jana ulimwota anakuja na ndoo. Nikasema ndiyo, tumefika. Stella alipotoka kuwasindikiza wanakwaya, nilishika simu kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikabonyeza jino, nikairekodi, nikamtumia Harriet.

Uliyoililia ni sauti ya yule mbuzi, Dada.

Harriet alinisimulia yote. Kwamba ulishika simu kwenye sikio mpaka ikazima, kwamba ulisema hakuna mwingine duniani, ndiye huyu, hata pumzi ya mwisho inavyokatika ni yake. Kwamba umewaita majirani wasikie. Kisha ukaniambia mwenyewe kwamba mdogo wake Tongun amekwisha kuchonga jiwe lenye jina la Mama, kwamba mwezi wa kwanza unakuja na watu wa Yei, tuzike jiwe hapa Koboko mahali pa mifupa, kinanda kiletwe, na jino hilo libonyezwe mbele ya wote, kwa kuwa sasa kuna kitu cha Mama cha kukusanyia watu. Nikasema vizuri. Nikauliza watakuwa wangapi, nipike kiasi gani.

Kasimiro naye ataletwa. Yeye alimfundisha Mama noti ile. Na Stella atafungua daftari asome majina, kama alivyomwahidi mzee, na akifika kumi na tisa atasoma jina langu mbele yako na mbele ya watu wako. Hajui nilichokuambia. Nimeshindwa kumwambia, kwa sababu ananitazama bado kama mama yake. Basi nimeona heri uisikie kutoka kwangu ukiwa nyumbani kwako, mlango umefungwa, kuliko kuisikia ukiwa umesimama kwa mguu huo.

Mtama nimeuvuna. Umejaa ghala, haujawahi kujaa hivyo. Siwezi kuusaga. Wakati ule wa asubuhi nilikuwa nakaa chini ya nguzo ile ya mwisho na maharage yangu, upepo unapita, tepu inalia juu ya kichwa changu, na mimi nikishukuru. Wiki tatu, Dada. Nikawa naona inalia vizuri.

Sijui kama utakuja na jiwe. Ukija, nitapika kama nilivyosema, na nitakaa jikoni. Usipokuja nitawaambia watu mimi mwenyewe sababu, sitasema ni mguu. Lakini hata kama hutaki tena kuongea nami, nijibu jambo moja tu, hata kwa neno moja, Santino atarudi Alhamisi. Sasa ni wewe peke yako na Kasimiro mnaoijua sauti yake, na Kasimiro siwezi kumwuliza. Siku ile uliposikia, kabla hujaanza kulia, ilifanana? Au ulitaka tu ifanane?

Msalimie Shemeji Tongun, umpe asali niliyoweka kwenye chupa, ni ya kifua chake. Msalimie Harriet, usimkasirikie, alileta alichopewa. Stella anakusalimu kwa magoti yote mawili. Mungu akulinde na aushike mguu wako.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba,

Santa