Shavu la Kulia la Mapendo

Lyon, 4 Machi 2023

Baba mpendwa,

Asalaam aleikum. Umeamkaje, na presha ya macho? Binamu Raïssa akusomee polepole, asiruke maneno kama kawaida yake. Mimi ni mzima, ila baridi inanitafuna.

Nimepata kazi kwa mzee Rémy, mchongaji wa sarafu. Alianza akiwa na miaka kumi na minne. Faranga alizochonga zilijaa mifukoni mwa Ufaransa nzima, na hakuna aliyejua jina lake. Aliweka alama tu pembeni, punje ndogo ya ngano. Faranga zilipoondolewa, zikayeyushwa. Siku hiyo alilia jikoni, na mkewe akazima redio. Sasa anachonga medali. Huchonga sura kinyume kwenye chuma, ili ikigongwa itoke sawa. Ananifundisha.

Nilimwonyesha picha ya Mama, ile moja tu tuliyo nayo. Nikamweleza ulivyobadilisha pesa mpakani, na kwamba hata sasa ambapo huoni, kidole chako kinaijua kila sarafu. Akasema, "Basi tumchonge mama yako, baba yako amwone kwa kidole."

Binti yako,
Feza

Kavimvira, 19 Agosti 2023

Binti yangu Feza,

Waleikum salaam. Tuko wazima, ndagala tu ndizo zimeadimika, wavuvi wanarudi toka ziwani na nyavu tupu. Raïssa anaandika vile ninasema.

Claudette uliyemtuma alivuka jana toka Bujumbura na medali. Nilioga kwanza, nikavaa kanzu. Feza, huyu si yeye. Pua ni yake, lakini kovu la mafuta ya mandazi iko shavu la kushoto. La mama yako lilikuwa kulia. Minye nililala upande wake wa kulia miaka kumi na tisa, kila asubuhi kidole kiko pale. Weye ulikuwa mutoto wa miaka miwili alipotutoka.

Mshukuru mzee. Medali nimeifunga kwenye leso. Siwezi kupapasa mke wa muntu mwingine.

Baba yako,
Djamali

Lyon, 2 Oktoba 2023

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Unatumia dawa ya macho?

Mzee Rémy alidhani amesahau kupindua sura, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Akafungia patasi zake kwenye droo. Lakini nimeikagua picha: kovu liko kushoto kweli. Hajakosea. Usikasirike, Baba. Miaka ni mingi, labda umechanganya.

Feza wako

Kavimvira, 11 Novemba 2023

Feza,

Salamu. Sina ugonjwa.

Macho yalikwenda, nikanyamaza. Kama na sura ya mama yako Mapendo imekwenda, nimebaki na nini? Tangu barua yako naogopa kumuwaza, nisije nikamharibu zaidi.

Baba

Lyon, 27 Mei 2024

Baba yangu,

Asalaam aleikum. Nisamehe kwa neno lile, na kwa miezi hii ya kimya. Niliona aibu kuandika mikono mitupu.

Nilimsomea mzee barua yako. Akafungua droo. "Kidole cha mbadilisha pesa hakichanganyi. Lete picha." Akaiweka mbele ya kioo. Baba, kitenge alichovaa Mama ni kile cha sikukuu ya wanawake, chenye maandishi "8 MARS" begani. Kwenye picha yetu yameandikwa kinyume! Fundi wa studio aliigeuza filamu alipoichapa. Mimi na mzee hatukushtuka, kwa sababu sisi kutwa nzima tunasoma herufi za kinyume; kwetu ndizo zilizonyooka. Umesema kweli tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyekosea.

Tulianza upya. Mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo kitenge na nywele nimechonga mimi. Shavu alilichonga mwenyewe, wiki sita. Alilimaliza Ijumaa moja ya Machi. Tumemzika mwezi uliopita. Namlilia, Baba. Claudette atakuletea mzigo.

Binti yako,
Feza

Kavimvira, 30 Juni 2024

Mwanangu Feza,

Waleikum salaam. Mungu amrehemu mzee Rémy. Nimemwombea, na Raïssa kaitika amina.

Ni yeye. Nilianzia kwenye shingo, kwa woga, nikapanda polepole. Nilipofika kwenye kovu nikamuita kwa jina, Raïssa akakimbia kutoka uani.

Chini ya shingo iko vitu viwili vidogo. Kimoja ni punje ya ngano ya mzee, hiyo naijua. Cha pili nimekipapasa siku tatu: ni ndagala, samaki mudogo wa ziwa letu. Ni weye huyo.

Nimeiweka kitandani, mkono wangu wa kushoto, pale alipokuwa akilala. Kovu iko upande wangu.

Baba yako,
Djamali