Pumzi Uliyonishikia

Bweni, Kilwa Masoko

Kaka Jafari,

Shikamoo. Natumaini mguu wa mama umepata nafuu na korosho zinaanguka vizuri. Mimi mzima, nalala, nakula, ingawa ugali wa bweni bado una madonge.

Juzi mwalimu Bertha alitufundisha jinsi mtu anavyopumua. Alifundisha kwa Kiingereza, mimi nikawa nakihamishia moyoni kwa Kiswahili. Alisema pale ubongo unaposhikana na uti wa mgongo pana sehemu isiyolala. Inatuma amri kupitia neva mpaka kwenye msuli ulio chini ya mapafu: vuta, achia, vuta. Hata tukiota. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nimesharudi ndani ya lile gari la zahanati.

Kaka, siku ile koboko aliponigonga shambani, wote mlidhani nimezimia. Sikuzimia. Sumu ilifunga njia ya neva. Zikaanguka kope, kisha ulimi, kisha kifua. Amri zilitoka, hazikufika. Masikio tu ndiyo yalibaki wazi. Nilikuwa kama nimelala chini ya maji ya uvuguvugu, sauti zenu zikielea juu yangu. Nilimsikia shangazi Fauzia akimuuliza dereva wapi njiani wanauza sanda, nawe ukamjibu kama anataka nguo mpya asubiri Idi. Nilitaka kucheka, sikuwa na hewa ya kuchekea. Muuguzi Yustina alipochoka mikono, ukaupokea ule mpira wa kunipulizia hewa. Ukiubonyeza naja duniani. Ukiachia naenda zangu, taratibu, wala siogopi.

Nikakusikia pia ukiapa: wallahi, akiamka huyu, chuo cha Lindi siendi, siondoki tena nyumbani.

Sijawahi kukuambia. Niliona haya. Na nisikufiche, nilipenda ubaki. Mama akikuita mvivu wa vitabu, najua sababu, nanyamaza.

Jana nilimuuliza ustadhi, bila kutaja jina. Akasema kiapo kama hicho mtu hujivua kwa kafara, kwa kulisha maskini kumi. Kaka, kifua changu sasa kinakwenda chenyewe, hata nikikisahau. Mchele alioushusha kondakta wa basi pamoja na barua hii ni wa hao kumi. Wapikie Ijumaa, kisha panda gari uende chuoni.

Msalimie mama sana. Shangazi pia, ila usimwambie nilisikia.

Mdogo wako akupendaye,
Somoe