Shemeji Ndani ya Ghala la Pamba

Bariadi, 2 Novemba

Dada Nyanjige,

Mwangaluka. Ukitaka kujua hali yangu, Bariadi yote hakuna dereva wa bodaboda mwenye akili kama mimi. Trafiki akiniona anajiweka sawa kofia, na pikipiki siku hizi nikikohoa tu inawaka. Mhola kabisa, salama. Mama yetu, mayu, mguu unaendeleaje? Watoto je?

Naandika kwa karatasi kama babu kwa sababu mtandao umezimwa tangu siku ya kura. Anayekuletea ni Kristofa, kondakta wa basi la huko Migato. Mpe hata michembe ya viazi atafune.

Hapa kijiweni tunaongea chinichini. Mawakala wawili wa upinzani waliogoma kusaini fomu za matokeo wamebebwa na watu wasio na sare, hawajulikani walipo. Mumeo Paschal naye aligoma, kwa hiyo asitoke kwenye ghala la mzee Shigela nilikompeleka. Tunaojua ni wanne: yeye, wewe, mzee na mimi. Mwambie shemeji alale juu ya magunia kama waziri. Masele nipo.

Mdogo wako,
Masele

Migato, 5 Novemba

Mdogo wangu Masele,

Mhola kidogo. Mayu anatembea, watoto wazima.

Leo mchana gari lisilo na namba limepita nyumba zote bila kuuliza mtu, likasimama ghalani kwa Shigela. Wanaume wanne wakamtoa Paschal. Nikapiga mwano. Unajua mwenyewe, yowe hilo likilia asiyetoka sungusungu wanamtoza faini. Walitoka wote na fimbo, wakidhani ng'ombe wameibiwa, wakakaa barabarani mbele ya gari. Mayige, kamanda wa sungusungu, akainama dirishani:

"Hapa hata ng'ombe haondoki bila kibali. Huyu ni mtu. Andikeni majina yenu na mnakompeleka."

Walibishana sana. Mwisho mmoja akaandika jina kwenye daftari la Mayige, akasaini: kituo cha polisi, Bariadi. Ndipo tukawapisha, wakaondoka naye. Ukurasa nimeuweka humu. Nenda uhakikishe yupo kweli. Na unieleze, ghala walilijuaje?

Dada yako,
Nyanjige

Bariadi, 9 Novemba

Dada yangu,

Wabeja, asante sana kwa ule mwano. Sasa kaa mkao wa kula.

Tulikwenda bodaboda thelathini, mimi mbele, na nusu yao shemeji hawamjui hata sura. Askari wa kaunta akasema hakuna mtu wa jina hilo. Nikamwekea ukurasa wa Mayige mezani. Akausoma mara mbili, akaingia ndani, akarudi akisema kumbe yupo. Hatukuondoka. Tulikaa nje kwa zamu siku tatu, mama ntilie Pelagia akituletea ugali, mpaka mwanasheria mmoja akajitokeza kumsimamia bila kuitwa na mtu.

Jana saa nne shemeji katoka kwa dhamana. Amekonda, ila alipoona zile pikipiki akauliza, "Huu ni msiba au harusi?" Nikampakia, tukauzunguka mji kwa honi, watu wakitoka madukani kupunga mikono. Kila Jumatatu ataripoti, na mimi ndiye dereva wake. Ndugu wa wale mawakala wawili wamekuja kijiweni kuuliza tulifanyaje. Wao hawana ukurasa wowote. Kesho tunawasindikiza.

Shemeji anakuja na basi hili hili, barua iko mfukoni mwake. Hajaisoma. Isome ukiwa peke yako.

Uliuliza ghala walilijuaje. Jumatatu, siku mbili kabla hawajamchukua, nilipakia abiria stendi, kijana msafi, mpole. Akasema vijana wa Bariadi ni waoga, hakuna hata mmoja aliyethubutu kugoma. Nikamwambia shemeji yangu aligoma. Akasema basi huyo atakuwa amekimbilia Kenya. Nikasema hakimbii mtu, nimemficha mimi mwenyewe, Migato. Akacheka, akanipiga bega, akasema mimi ndiye mwanaume. Alinisifu, dada. Ndipo nikamtajia na ghala la Shigela.

Mdogo wako,
Masele